Viatu vya Hitima

Ofisini kwetu tulikuwa watu tisa, kwa hiyo kila asubuhi, kabla sijaweka mkoba chini, nilikuwa na watu wanane wa kuamkia. Sisemi kupita mlangoni na kutupa "hamjambo" moja ya jumla. Hapa Malindi hiyo ni sawa na kutosalimu. Mtu hupewa mkono, huulizwa alivyoamka, huulizwa nyumba yake na watoto wake, na kama juzi alikuwa na mafua huulizwa mafua. Ukimaliza wewe, anaanza yeye. Karani wa mapokezi nilimuuliza habari za mafua yake wiki tatu mfululizo, kwa sababu hakuna aliyenifundisha mafua ya mtu hukoma lini kuulizwa. Mwishowe akaniambia, "Dada, kwani wataka yarudi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo kama kawaida yangu.

Nasema haya ili ijulikane kwamba nilikuwa najitahidi. Watu wakisikia mtu ana usonji hudhani hawajali wenzake. Mimi niliwajali mpaka nikaumwa na kichwa. Nilijua nani hapendi kuulizwa habari za mumewe, nani lazima aamkiwe kwanza asije akanuna, nani mkono wake huwa na jasho. Yote hayo niliyahifadhi kichwani kama mtu anayesomea mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa kila siku saa mbili kamili.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya upimaji wa ardhi, ghorofani, nyuma ya soko. Mwenyewe, bosi wetu, alikuwa mpima ardhi wa siku nyingi, mzaliwa wa mji wa kale, mtu mpole mwenye ndevu nyeupe. Sijapata kumsikia akipandisha sauti. Wapimaji wake watano walishinda mashambani, leo Magarini, kesho Dabaso, wakirudi na vumbi hadi kwenye kope. Ndani tulibaki bosi, karani wa mapokezi, mwandishi wake, na mimi. Mwandishi alikuwa mwanamke wa makamo ambaye sote tulimwita da mkubwa, na ndiye aliyekuwa akiendesha ofisi, ingawa mlangoni hapakuandikwa hivyo.

Kazi yangu ilikuwa chumba cha ramani. Kilikuwa mwisho wa ukumbi, chembamba, bila dirisha, kimejaa makabati ya droo pana zisizo na kina, ambamo ramani hulazwa bila kukunjwa. Nilipofika, ramani zilikuwa zimechanganyika vibaya sana. Shamba la Magarini lilikuwa limelala juu ya kiwanja cha Watamu, na mpimaji akitaka karatasi moja alipoteza nusu ya asubuhi akiapa na kutokwa jasho. Nilizitoa zote. Nikazipanga upya kwa eneo, kisha kwa namba, kisha kwa mwaka, na kila droo nikaiandikia orodha yake. Ilinichukua miezi miwili. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na raha zaidi ya ile.

Baada ya hapo akija mzee kutoka bara na mgogoro wa mpaka wa shamba la babu yake, ramani ilikuwa mezani kabla hajatoa miwani mfukoni. Wapimaji walianza kuniita. "Muulizeni dada," walisema, "dada ajua." Ndani ya chumba kile hapakuwa na feni ya kunguruma, wala simu, wala mtu wa kunitazama uso. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kutafutwa na watu.

Lakini nilikuwa bado katika mwaka wa majaribio. Mwaka ukiisha, bosi angeamua: ama barua ya kuajiriwa rasmi, ama shukrani na kwaheri. Nilikuwa nimeshapewa shukrani na kwaheri mara tatu, hotelini, shuleni, na kwenye duka la dawa. Kote huko hakuna aliyelalamikia kazi yangu. Walilalamikia uso wangu. Walisema nina kiburi, nimenuna, siangalii mtu nikisema naye. Kwa hiyo kila nilipofungua droo zile nilikuwa nikihesabu miezi iliyobaki. Nilikitaka chumba kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Habari za usonji nilizijua miaka miwili kabla, kwa bahati tu. Mtoto wa kaka yangu alichelewa kusema, akapelekwa kwa daktari, na mimi na mama tukamsindikiza. Daktari akawa anauliza maswali juu ya mtoto: anapenda kupanga vitu? Anakerwa na kelele? Nguo nyingine hazitaki mwilini? Kila swali mama alijibu, "Huyu mdogo sijui, lakini huyu mkubwa, ndivyo alivyokuwa." Daktari akaweka kalamu chini akanitazama. Baadaye nikaenda mwenyewe Mombasa, mara nne, nikatoka na barua ya kurasa mbili. Niliiweka kabatini chini ya nguo za Idi. Sikumwambia mtu kazini, kwa sababu sikujua ukishamwambia mtu jambo kama hilo yeye hufanya nini nalo.

Da mkubwa hakuwa na haja ya barua. Aliniona tu. Siku ya kwanza alinivuta pembeni akaniambia chai ya saa nne hainywewi chumbani peke yako. Kila siku saa nne sinia la mahamri na bakuli la mbaazi huwekwa katikati ya meza ya mapokezi, watu hukaa mzunguko, na mikono yote huingia bakuli moja. Mimi siwezi bakuli moja. Nikiona vidole vya mtu kwenye mchuzi ninaoula, koo hufunga. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakucheka wala hakukasirika. Akawa ananikatia hamri langu kavu kabla wengine hawajakaa, ananiwekea kwenye kisahani, na akiulizwa alisema, "Mwacheni, tumbo lake si zuri." Alinitungia uongo kila siku kwa karibu mwaka mzima, mwanamke asiyekosa sala.

Ukabaki mwezi mmoja na nusu wa majaribio. Ndipo mama yake bosi akafariki.

Habari zilifika asubuhi, na mchana wanaume walikwenda kuzika. Siku ya tatu ilikuwa hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, na ofisi nzima ilikuwa ifungwe twende. Hakuna aliyenilazimisha, lakini nilielewa, hata mimi, kwamba mtu asiyeonekana kwenye hitima ya mama wa bosi wake angekuwa amejiandikia kwaheri kwa mkono wake. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwomba mama anifanyie mazoezi. Alikaa juu ya kitanda akawa mfiwa. Mimi nikaingia mlangoni. "Makiwa," nikasema. "Tunayo," akajibu mama. Tulirudia mpaka akasema sauti yangu sasa imekuwa ya mtu.

"Ukishahani wafiwa, utaketi," da mkubwa naye aliniambia tukiwa njiani. "Hutaulizwa kitu. Watu wakilia, nawe inama. Dua ikisomwa, inua mikono. Chakula kikija, mimi nitakaa kando yako."

"Tutaketi mpaka saa ngapi?"

"Mpaka watu waondoke."

"Wataondoka saa ngapi?"

"Mwanangu," akasema, "ni msiba."

Nyumba ilikuwa mji wa kale, ndani ya kichochoro. Wanaume walikaa mbele, kwenye majamvi chini ya turubai na barazani hadi sebuleni. Wanawake tuliingia kwa mlango wa ubavuni, uani, kisha vyumba vya ndani. Niliwapa mkono dada zake bosi watatu. "Makiwa." "Tunayo." "Makiwa." "Tunayo." Nilifanya vizuri, na nasema hivi bila haya. Da mkubwa alinibana kidole kunipongeza.

Kisha tukaketi, wanawake hamsini au sitini, goti kwa goti, na mabuibui yamezuia hewa yote. Udi ulifukizwa pembe mbili. Kila aingiapo mgeni mpya kilio kilianza upya kutoka chumba cha ndani, kikapanda, kikashuka, na kabla hakijaisha mwingine ameingia. Mwanamke nyuma yangu alikuwa ameegemeza goti lake kwenye uti wangu wa mgongo. Nilianza kuhesabu mistari ya jamvi. Niliifikia mia mbili na kitu, kisha macho yakaacha kuona mistari. Mimi nikifika hapo, sauti huacha kuwa sauti na huwa kitu kinachonipiga. Najua kinachofuata. Kinachofuata ni mimi kujiziba masikio na kupiga kelele mbele za watu. Nilimwambia da mkubwa naenda msalani, nikatoka uani.

Huko uani, mbele ya mlango, ndiko kulikokuwa na viatu.

Sijui kama watu wengine huviona. Kwangu haikuwezekana kutoviona. Jozi hamsini au sitini za viatu vya wanawake zilikuwa zimevuliwa kwa haraka na kupandana, ndara juu ya vichuchumio, moja huku na mwenzake kule, nyingine zimegeuka matumbo juu. Niliinama nikaokota ndara moja ya samawati nikaitafutia mwenzake. Nikaipata. Nikaziweka ukutani, visigino vikigusa ukuta. Kifua kikafunguka kidogo, nikavuta pumzi. Nikaokota nyingine.

Nilianza na ndara, kwa rangi, kutoka nyeupe kwenda nyeusi. Kisha makubadhi, kisha vya visigino, na ndani ya kila kundi vidogo kwanza. Sikusikia kilio tena. Sikusikia udi, kama udi husikika kwa masikio. Siku ile ulisikika. Nilipomaliza, ua ulikuwa umetulia, na mimi nimetulia, na nikajua kwa yakini kwamba nimefanya jambo jema kwa wafiwa. Nilidhani watatoka watashukuru. Nikazunguka kona ya nyumba, nikaona viatu vya wanaume.

Hapo ndipo ilinipasa kurudi ndani. Kila mtu aliyelelewa pwani ajua hivyo bila kuambiwa, nami nilikuwa nimelelewa Muyeye, si mwezini. Lakini wanaume walikuwa wameinama, wanasoma, na hakuna aliyekuwa akinitazama. Viatu vyao vilikuwa vibaya zaidi, na vingi mara mbili. Nilichuchumaa pale barazani, mwanamke mtu mzima ndani ya buibui, siku ya hitima, nikashika viatu vya wanaume kimoja kimoja kwa mikono yangu. Nakumbuka makubadhi ya ngozi yaliyokuwa yamelika kisigino upande mmoja tu. Nakumbuka niliyaweka kwenye kundi la hudhurungi, makubwa.

Dua iliisha wakasimama wote kwa pamoja waende kunawa. Mtu akivua viatu msibani hakumbuki sura ya viatu vyake, hukumbuka alipoviacha. Nililijua hilo siku ile, wakati wanaume mia walipokwenda kila mmoja kusimama pale alipoacha viatu na kukuta sakafu tupu. Walitazamana. Mmoja akasema, "Jamani, vimeibwa?" Mwingine akaona safu. Wakaanza kupita wakiinama, wakijaribu, wakivua, wakigongana vichwa. Shekhe aliyesomesha hitima, mzee wa miaka themanini, alikuwa ameshika nguzo na mguu mmoja hewani, akiuliza makubadhi yake anayo nani. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa. Nikasema kwa sauti, ili nisaidie, "Hudhurungi makubwa, safu ya tatu."

Mtu akacheka. Sidhani alikusudia. Alikibana kicheko, kikamtoka puani, na aliyekuwa kando yake naye akashindwa, na kicheko kikaenda baraza nzima, kikaingia sebuleni, kikawafikia wanawake ndani waliokuwa bado wanalia. Bosi alitoka. Macho yake yalikuwa mekundu. Alitazama watu wakicheka nyumbani kwa mama yake, siku ya tatu, kisha akanitazama mimi na kiatu cha mtu mkononi.

"Haidhuru," akasema polepole. "Haidhuru, mwanangu. Nenda ndani."

Ndani ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake walikuwa wametoka uani na kukuta safu zao. Shangazi mmoja wa bosi alikuwa akisema, wala si kwa kunong'ona, kwamba mtu hashiki viatu vya watu bure, kwamba kuna wanaotafuta nyayo za watu za kwenda kufanyia mambo. Mwingine alichukua ndara zake akazipangusa kwa leso, soli zote mbili, huku ananitazama. Da mkubwa alinishika mkono tukaondoka kabla ya chakula. Nilimuuliza kama bosi amekasirika, maana amesema haidhuru. Alisimama katikati ya kichochoro akashika kiuno. "Basi wewe hujui kwamba umemchekeshea watu mama yake?" akasema. Nilikuwa sijui. Aliponiambia nilijua, na nikajua kwa nguvu zote, nikatapika kando ya ukuta.

Kazini siku zilizofuata hakuna aliyenigombeza. Laiti wangenigombeza. Niliwaamkia wote wanane, wakanipa mikono, wakajibu wazima, na kila mmoja aliutoa mkono wake upesi kidogo kuliko jana. Wapimaji walianza kutafuta ramani zao wenyewe. Bosi alipita mlango wa chumba changu bila kugeuza shingo. Baada ya wiki mbili da mkubwa alikuja akafunga mlango.

"Nimesikia yasemwayo," akasema. "Barua yako haitaandikwa. Nenda kamwombe radhi. Nitakupeleka mimi."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ukweli. Kwa nini ulifanya?"

Nikamwambia ukweli, mwanzo hadi mwisho, na barua ya daktari iliyo chini ya nguo za Idi. Aliketi kwenye stuli yangu akanisikiliza. "Na muda wote huu," akasema, "mimi nasingizia tumbo lako." Kisha akasema niilete ile barua kesho, maana karatasi ya daktari hakuna atakayebishana nayo. Nilikubali. Huo ndio uamuzi wangu, sikusukumwa, na nimeshaurudia kichwani mara nyingi nikitafuta pengine pa kupita sipaoni.

Bosi aliisoma barua mara mbili. Aliposhuka ukurasa wa pili alivua miwani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, nimejifundisha cha kusema akinifukuza. Sikujitayarisha kwa machozi. Alilia, mzee wa watu, akafuta ndevu kwa kiganja, akasema, "Mbona hukutuambia, mwanangu? Nami nimekuwekea kinyongo mtoto mgonjwa." Nikasema si ugonjwa. Nikasema nilikosea kuhusu viatu na naomba radhi kwake na kwa marehemu. "Yamekwisha," akasema. "Yamekwisha yote. Sasa tutakutazama."

Saa nne, mbele ya sinia, akawaeleza wote. Hakuwa na nia mbaya. Alisema kwamba mwenzetu ana maradhi ya tokea tumboni mwa mamake, tusimhesabie makosa, tumhurumie, na akaomba dua hapo hapo. Mikono minane iliinuka kwa ajili yangu. Yangu pia niliinua, sikujua la kufanya nayo.

Tokea hapo walikuwa wema kwangu kwa namna ambayo siwezi kuielezea bila kuonekana sina shukrani. Karani alianza kusema nami polepole, akifungua mdomo sana, kama mtu anayesema na kiziwi. Wapimaji waliacha kunipa mkono, wakawa wananipungia kwa mbali na kutabasamu. Zile salamu nilizozisotea karibu mwaka mzima hakuna aliyezitaka tena. Da mkubwa alileta kombe kwenye chupa ya soda, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, alilotengenezewa na mwalimu wa mtoto wake. "Lita mbili hizi zimesomewa siku saba," akasema. "Kunywa kwa ajili yangu." Nilikunywa kwa ajili yake. Lilikuwa na ladha ya manukato na wino.

Mwaka ulipoisha barua ikaja, imepigwa mhuri. Nimeajiriwa rasmi. Nilisoma cheo nikadhani da mkubwa amekosea kuandika, kwa sababu kilisema msaidizi wa mapokezi. Hakuwa amekosea. Bosi alikuwa ameamua nisikae tena chumba kile. Nilipewa kiti karibu na dirisha, penye upepo wa feni, kelele za soko na watu wanaoingia na kutoka, na mto wa kuegemea. Kazi yangu ilikuwa kupumzika. Funguo za chumba cha ramani alipewa karani.

Mama alilia kwa furaha. Alikwenda nyumba kwa nyumba pale Muyeye na barua mbili, ya daktari na ya kazi. Ni lazima nimweleze mama hapa, ama sivyo hamtaelewa kwa nini nilinyamaza. Miaka thelathini na zaidi mashangazi zangu walimwambia mtoto wake hana adabu kwa sababu hakufunzwa. Walimwambia arusini, walimwambia msibani, walimwambia jikoni kwake mwenyewe akiwapikia. Sasa alikuwa na karatasi. Alikuwa amesafishwa. Nilimwona akitembea barabarani na shingo imenyooka, na sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba kile nilichokuwa nakihesabia miezi kimekwenda.

Wiki ya tano kwenye kiti kile alikuja mzee kutoka Magarini. Alitaka ramani ya shamba lao, maana jirani alikuwa ameanza kujenga na wazee wa pande zote mbili walikuwa wakutane kesho yake. Karani aliingia chumbani. Nikasikia droo. Kwa sauti yake tu nilijua ni droo ya Dabaso. Nikasikia nyingine, nayo ya Dabaso. Nikasimama nikasema kutoka pale nilipo, "Kabati la pili, droo ya nne, chini ya karatasi ya njano." Karani alichungulia akatabasamu kwa mdomo wote. "Haya, da-da," akasema. "Ke-ti. U-si-ji-cho-she. Nitaiona." Alitafuta saa nzima. Kisha akamwambia mzee arudi wiki ijayo. Mzee alisema wiki ijayo nyumba itakuwa imeshaezekwa, akachukua kofia yake akaondoka.

Nilibisha hodi kwa bosi. Nilikuwa nimeyapanga maneno, machache, na nikayasema yote bila kuruka. Nikasema naomba nirudishiwe chumba cha ramani. Sitaki kiti. Kule ndani nilikuwa mzima.

Alinisikiliza kwa upole wote, kichwa kimeinama upande. "Chumba kile ni kiza, mwanangu," akasema. "Nilikufungia kizani mwaka mzima, mgonjwa, sina habari. Nikikumbuka silali. Mwenyezi Mungu ataniuliza." Niliona kwamba ni kweli hapati usingizi. Alikuwa na mifuko chini ya macho. Nikasema tena si ugonjwa, na sauti yangu ikapanda, sikutaka ipande, na mkono wangu ukaanza kupiga paja kama ufanyavyo. Alitazama ule mkono. Nikaona uso wake ukipata uhakika.

Akachukua simu akampigia mama. Alikuwa akimpigia mara mbili kwa wiki, kumbe, tangu siku ya dua, wala mama hakuniambia. Aliiweka simu mezani ikawa inasikika na sote wawili.

"Masalkheri, mama. Mtoto wetu leo amechoka kidogo. Nyumbani aliamka salama?"

"Aliamka salama, bosi," mama akasema. Alikuwa na ile sauti yake mpya. "Ni mzima, alhamdulillahi. Kazi aipenda mno, kila asubuhi huwa wa kwanza mlangoni. Mungu akulipe, bosi. Mungu akulipe. Hujui umenifutia nini."

"Ni wajibu wetu," akasema bosi, na macho yakamlowa tena. Akaisogeza simu upande wangu. "Mamako huyo. Msemeze."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wafurahi hapo?"

Nilitazama simu. Bosi alikuwa akiningoja, na mama alikuwa akiningoja, na nilisikia pumzi yake upande wa pili. Nikasema ndiyo, nafurahi. Bosi akaaga, akakata simu, akanishika bega akanirudisha kwenye kiti.